Mstari Katikati ya Ubao

Mwalimu wetu wa ushairi huchora mstari katikati ya ubao bila rula, na haupindi hata chembe. Kushoto huandika shairi la mafuriko, kulia la kimbunga, kisha hujipangusa chaki kwenye suruali, ndiyo maana mapajani hakukosi viganja viwili vyeupe. "Msiniambie ni mazuri," hufoka. "Linganisheni! Maji yanafanya nini, upepo unafanya nini?" Jibu la maji tunalijua, limo katika daftari lake lililochakaa tangu enzi za kaka zetu: yananguruma kama simba. Juzi tukaliimba kama kawaida. Msichana mgeni, aliyehamia kwetu baada ya mto kubomoa nyumba yao, akanyoosha mkono. "Mwalimu, hayangurumi. Yalipita chini ya mlango kimyakimya, mama akadhani nimemwaga ndoo. Akanigombeza." Mwalimu, ambaye hatujawahi kumwona ameketi akifundisha, akamkabidhi chaki, akaketi kwenye dawati la yule msichana, akafungua daftari na kumkata simba kwa kalamu nyekundu. "Rudia, mwanangu," akasema. "Polepole, ninanakili."