Hoteli zetu za Eastlands miaka ya nineties, na imondo aliyoikosa mzee wangu

Niaje wakuu.

Kuna kijana ameuliza kwa ule uzi mwingine, watu wa Eastlands hapa Nairobi walikuwa wanakula na kunywa wapi kitambo. Wacha nimjibu hapa, na siongezi chumvi hata kidogo.

Onyo tu. Hoteli zangu ni za nineties, nyingi zimevunjwa, na mtu niliyekuwa nakula naye pia ametutoka. Kama una njaa ya leo, pita na amani.

Tuanze Mowlem.

Kulikuwa na kibanda cha mama mmoja Mkamba, spesheli yake muthokoi. Yale mahindi ya kukobolewa na maharagwe, amekaanga na kitunguu mpaka harufu inakupata ukiwa stage. Ukichelewa lunch unakuta sufuria inaoshwa.

Hapo ndipo nilikutana na Mwikali. Alinisongea kwa benchi bila hata kuniangalia. Mimi Mluhya wa watu, hiyo kitu sikuwa najua inaingiliwa wapi.

Akaniambia, "Weka avocado, na uache kuikagua kama askari wa kanjo."

Nikaweka. Wah! Kesho yake nilirudi, na si kwa sababu ya muthokoi.

Ya pili, Njiru. Mliozaliwa juzi hamtaamini, Njiru ilikuwa shamba, mbuzi wanapita barabarani kama wenye mji. Tulikuwa tunatoka kanisani Sunday, tunaenda butchery moja ya Kangundo Road, unachagua nyama ikining'inia, inachomwa mkingoja. Nyuma kulikuwa na baa, counter ina wavu wa chuma, unaulizwa, "Moto ama baridi?"

Mwikali alikuwa wa soda moto, ile haijaingia friji. Na hilo jua! Nilimcheka miaka yote tuliyokaa naye.

Sasa ya tatu, Baba Dogo, kwa Mama Ayuma. Hapa tulieni.

Mzee wangu alikuwa akifanya factory hapo karibu, na kila Saturday akitoka shift alikula kuku wa kienyeji kwa Mama Ayuma. Kuku mzima anakuja kwa bakuli moja, na imondo inawekwa juu kabisa, uone jikoni hawajakuibia. Kwa wale hawajui, imondo ni gizzard, na kwetu ni ya mwenye boma. Watoto hawagusi. Wanawake ndio kabisa.

Nilimpeleka Mwikali hapo aonane na mzee. Ilikuwa lazima mzee amkubali, kwa sababu bila yeye hakuna wazee wa kupeleka mbuzi Ukambani, na bila mbuzi hakuna harusi. Nilivaa shati ya kupiga pasi mara mbili.

Bakuli likaja mzee akiwa bado mlangoni anasalimiana na wenzake wa kazi. Mama Ayuma akamwambia Mwikali, "Karibu mgeni, usiogope, kula."

Kwa akina Mwikali, mpishi akikukaribisha huwezi kukataa, ni kumtusi. Na yeye hakutaka kuonekana mlafi. Kwa hivyo akachagua kipande kidogo kuliko vyote.

Mimi nilikuwa nanawa mikono. Kugeuka, anatafuna.

Mzee akaketi, akaomba, akachukua kijiko akaanza kupekua supu. Akapekua tena.

"Mama Ayuma, imondo iko wapi?"

"Si niliiweka hapo juu!"

Mwikali akasema kwa heshima zote, "Ni kale kadogo, baba? Nimekula mimi."

Mzee akaweka kijiko chini, akasema "Kuleni," akachukua kofia yake akaenda. Kuku mzima hakumgusa.

Nilimfuata baadaye nimweleze. Akaniuliza, "Anakula imondo kabla hajaolewa. Akishaolewa atakula nini, mimi?" Akasema habari ya mbuzi nisimtajie tena.

Nilikonda. Nilikuwa naona huyo msichana nimeshampoteza kwa sababu ya kuku, aki.

Mwikali ndiye hakukonda. Aliniambia, "Sikumwibia. Lakini nimemwachia njaa mzazi, na hiyo ni yangu kurekebisha." Saturday iliyofuata akashuka Baba Dogo na jogoo mzima kwa kiondo, kichwa nje, watu wanageuka. Akaomba Mama Ayuma jiko, akapika mwenyewe, akapeleka mpaka kwa mzee. Imondo peke yake kwa sahani.

Mzee akaitia mdomoni. Akatafuna. Akaendelea kutafuna.

"Hii ni ngumu."

"Jogoo alikuwa mzee, baba."

"Na ile yako ilikuwaje?"

Mwikali akafikiri kidogo. "Laini kabisa."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Mzee wangu, ambaye nyumbani tulikuwa tunajua anacheka kama kura, mara moja kwa miaka mitano. Akapangusa macho, akaniambia, "Wewe, waulize hao watu wake wanataka mbuzi lini."

Tukaoana. Na kila Saturday tulikuwa watatu kwa ile meza, hao wawili wakibishana mimi nikila.

Mzee alienda kwanza. Mwikali akamfuata, na hiyo sitaieleza, bado siwezi.

Juzi nilipita Baba Dogo. Kwa Mama Ayuma ni flat ya orofa kibao, nguo zimeanikwa mpaka juu. Nilisimama hapo na uzee wangu, nikamkumbuka Mwikali mpaka mwili ukaniuma.

Kwa hivyo kijana, recommendation yangu ni hii: hoteli yoyote. Angalia tu umeketi na nani, na usimharakishe kumaliza.

Watoto wangu huniletea chakula kizuri, cha kununua, kwa container. Mimi nakila nimesimama jikoni, kwa sababu nikiketi mezani naona viti vitupu.

Wenye mlikuwa huko, hebu semeni. Mlikula wapi, na mlikula na nani?