Kikombe Chenye Uzi Mwekundu

Nilipoolewa nilihamia mtaa wa Igogo na vitu vitatu ambavyo mume wangu hakuvielewa: sanduku lenye kufuli, kikombe cha bati kilichofungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, na mdomo usiokubali kushindwa. Mdomo aliuzoea upesi. Kufuli aliliheshimu. Kikombe nilimwambia ni mazoea tu ya nyumbani.

Ukweli ni kwamba nina kifafa tangu darasa la tano. Kwetu walinipenda, siwasingizii, ila waliamini mate yangu yanaambukiza, kwa hiyo kikombe changu kikafungwa uzi ndugu zangu wasije wakakosea. Nikakua nacho. Wala hakuna aliyenilazimisha kwenda nacho kwa mume. Nilikiviringisha kwenye khanga mwenyewe. Aibu uliyolelewa nayo huiachi nyuma hivi hivi.

Washenga walipouliza kama ukoo wetu una ukoma, kifafa au wazimu, baba alijibu hakuna. Nilikuwa nyuma ya mlango, nikasikia, nikanyamaza. Daktari alikuwa ameniandikia kabamazepini, kidonge asubuhi na kidonge jioni, na huo ulikuwa mwaka wa pili sijaanguka. Miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, maduka ya dawa ya watu binafsi yalikuwa yanafunguliwa kila kona, kwa hiyo vidonge nilivinunua Mkuyuni kimya kimya na kuvifungia sandukuni, bila kupanga foleni ya hospitali ambako ningeonekana. Nikajiambia, funika kombe mwanaharamu apite.

Mwezi wa nane wa ndoa, mama mkwe akavuka kwa feri kutoka Sengerema na mfuko wa michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa. Alikuwa mkulima, mrefu, wa maneno machache. Kila asubuhi aliitikia shikamoo yangu huku macho yake yako tumboni kwangu. Siku ya tatu nikasahau karatasi ya vidonge juu ya mfuniko wa mtungi. Vilikuwa vimepangwa kwenye karatasi ya kung'aa, sawasawa na vile ambavyo manesi huwaonyesha kina mama kliniki.

"Kumbe unazuia," akasema.

Naona haya kusema nilivyofurahi. Kuitwa mke anayekwepa kuzaa! Hilo ni kosa la watu wazima, linasameheka. Nikainamisha kichwa, nikaomba radhi kwa dhambi ambayo sikuitenda. Akavifunga kwenye pindo la khanga yake, akasema vitakaa humo mpaka apate mjukuu.

Nikakimbilia Mkuyuni. Duka lilikuwa na sabuni za kila nchi, mafuta ya nywele, hata miwani ya jua. Vidonge vyangu havikuwepo. Mzigo ungefika wiki ijayo. Nilirudi nimenuna, nimemkasirikia muuzaji, nimemkasirikia mama mkwe, nimemkasirikia na baba kwa uongo wake. Mwenyewe nilijiruka, kama kawaida yangu.

Siku mbili baadaye, jioni, nilikuwa nakaanga dagaa uani, mama mkwe kando yangu anachambua mchele. Mara nikasikia harufu ya mpira unaoungua, na hapakuwa na mpira wowote. Kifafa changu hupiga hodi hivyo kabla ya kuniangusha. Mbele yangu mafuta yalikuwa yanachemka. Niliogopa, jamani. Niliogopa kuungua kuliko nilivyoogopa kuachwa.

"Mama, vidonge vile si vya majira. Ni vya kifafa. Nina kifafa."

Kwanza aliipua kikaango, akakiweka mbali. Kisha akanivuta mkekani, akanilaza kiubavu, akakaa ameushika mkono wangu. Harufu ilikaa kitambo, halafu ikaondoka. Siku hiyo sikuanguka. Nilipoweza kuketi akafungua lile pindo kwa meno, akanipa kidonge na maji. Akauliza kile kikombe chenye uzi ni cha nini. Nikamweleza yote, mpaka la washenga. Akauliza kama mwanawe anajua, nikatikisa kichwa.

"Basi utamwambia leo," akasema. "Na mimi nitakuwepo."

Nikamwambia. Mume wangu aliacha kula, ugali ukapoa, na mimi nimeshaanza kufunga sanduku moyoni. Halafu akauliza vidonge vinamezwa saa ngapi, na kwa nini mama yake ajue kabla yake. Hilo la pili analinung'unikia hadi leo.

Kesho yake asubuhi nilitafuta kikombe changu kabatini, sikukiona. Nikatoka uani. Mama mkwe alikuwa ameketi kizingitini anakunywa chai, na uzi mwekundu nikauona katikati ya vidole vyake. Nikampa shikamoo, nikamwambia polepole kwamba hicho ni changu.

"Najua," akasema. "Chukua changu."