Siku Madam Minza Alipohitaji Bedpani

Minza Mayige alizaliwa Lalago, katika nyumba iliyokuwa na magunia ya pamba mengi kuliko viti. Msimu wa mavuno watoto walikalia magunia, na yeye, kitindamimba, ndiye aliyesukumwa chini kila mara. Labda ndiko alikojifunza kupiga kelele kwanza na kufikiri baadaye. Alifanya uuguzi wodi ya wanawake mpaka magoti yakaanza kulalamika, ndipo akahamia kufundisha katika chuo kimoja cha uuguzi mjini Bariadi.

Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza mambo ya mikono: kutandika kitanda mgonjwa akiwa humo humo, kumwogesha, kumgeuza, kumchoma sindano, kumpa bedpani. Hiyo bedpani ndiyo kile chombo cha kujisaidia kitandani, ambacho vitabu vinakipa aya moja na wagonjwa wanakikumbuka maisha yao yote.

Walimu wengine walifundisha mwili wa binadamu kwa picha za rangi. Madam Minza alifundisha kwa Bwana Kimya. Huyo alikuwa mdoli wa plastiki wa ukubwa wa mtu mzima, mweupe kama maziwa ya unga, mguu mmoja umelegea, tumbo linafunguka kama kabati. Sehemu zake za siri zilikuwa za kubadilisha, za kiume na za kike, na zilikaa kwenye boksi la viatu juu ya rafu. Mwaka mmoja zile za kiume zilipotea. Mkuu wa chuo, Mwalimu Constantine, mtu wa tai na adabu, alilazimika kutangaza mstarini bila kutaja kilichopotea.

"Kuna kifaa," alisema. "Aliyenacho anajua. Akirudishe."

Hakikurudi. Tangu hapo Bwana Kimya alikuwa bwana kwa jina tu.

"Huyu ni mgonjwa mzuri mno," Madam Minza aliwaambia wanafunzi wapya. "Hajambi, halii, hana shemeji wa kuja kugomba. Kwa hiyo hatawafundisha sana. Mkimzoea, mtafika wodini muanze kumshangaa mtu anayepumua."

Katika kundi la mwaka ule alikuwamo Gloria, binti aliyeongoza mitihani yote ya kuandika. Angeweza kukutajia hatua za kuchoma sindano akiwa usingizini. Akiwa macho, na sindano mkononi, alifumba macho akachoma godoro.

Alikuwamo pia Dastan, kutoka Mwandoya wilayani Meatu, mtoto wa wafugaji. Tangu mdogo alikuwa akiwachoma chanjo ng'ombe wa baba yake. Mikono yake ilikuwa kama koleo, ila haikutetemeka hata kidogo. Alimchoma Bwana Kimya mara moja, mahali penyewe, akatoa sindano, akapangusa. Shida ilikuwa moja tu. Kabla ya kuchoma, alimtandika Bwana Kimya makofi mawili ya takoni, na chumba kizima kikaitika.

"Hayo makofi ya nini?" aliuliza Madam Minza.

"Ng'ombe ukimpiga kwanza, Madam, hasikii sindano."

"Na huyu ni ng'ombe?"

Dastan akamtazama mdoli kwa muda, kama mtu anayetaka kuwa mkweli. "Hapana, Madam."

Alionywa, akaonyeka, kwa siku kadhaa. Kisha wakapelekwa hospitalini kwa mafunzo ya vitendo, na mgonjwa wa kwanza wa Dastan akawa Bibi Kwandu, mjane kutoka Ipililo aliyelazwa kwa homa ya mapafu. Dastan akaandaa dawa vizuri, akavuta pazia vizuri, akamgeuza bibi vizuri. Halafu mkono ukajisahau. Paa! Paa!

Bibi Kwandu, ambaye tangu alazwe alikuwa hajainua kichwa, aliketi wima.

"Umenipiga? Marehemu mume wangu nimeishi naye mpaka amekufa, hakunigusa huko kwa kofi! Wewe nani?"

Malalamiko yakafika chuoni kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu Constantine akamwita Madam Minza ofisini na kumwambia kijana arudishwe kwao, maana chuo kitachekwa mkoa mzima wa Simiyu.

"Tunachekwa tayari, Mwalimu," alisema Madam Minza. "Makofi tunaweza kumwondolea. Lakini ile mikono hatuwezi kumpa mwingine. Niachie."

"Akirudia?"

"Akirudia nitampandisha mwenyewe basi la Meatu."

Dawa aliyompa Dastan ilikuwa rahisi. Kila mkono ukiwashwa kupiga, auweke begani kwa mgonjwa, amsalimie na kumuuliza habari za kwao. Mgonjwa akishajibu, ndipo ashike sindano. Wazo zuri, ila Madam Minza alisahau jinsi salamu za Kisukuma zilivyo. Ukiuliza habari za nyumbani, utapewa na za mvua, na za wakwe, na za ndama aliyezaliwa jana. Sindano za Dastan zikawa ndefu kuliko ibada. Nyamizi, muuguzi mkuu wa wodi, akaja juu: "Madam, mwanafunzi wako yuko kwa mgonjwa wa pili tangu asubuhi! Wanaongelea harusi!" Lakini makofi yalikoma.

Mambo yalikuwa yamefika hapo Madam Minza alipovunjika mguu.

Hakuvunjika akiokoa mtu. Alivunjika kwenye sendofu ya mpwa wake, sherehe ya kumuaga bibi harusi, akiwa amevaa viatu virefu vya kuazima. Mshereheshaji alipoita "Mashangazi wa bibi harusi, twende kazi!" yeye alitangulia mbele, akazunguka mara moja kwa madaha, mara ya pili kwa fujo, na mara ya tatu akaenda chini na meza ya keki. Mfupa chini ya goti ulikatika. Walipomwinua, alikuwa na sukari ya keki kwenye nyusi na alikuwa akimfundisha dereva wa gari jinsi ya kushika mguu uliovunjika.

Akalazwa wodi ile ile ambako wanafunzi wake walikuwa wakijifunza. Mguu ukafungwa plasta ya upande mmoja, ukainuliwa juu ya mito, akaambiwa asikanyage chini mpaka uvimbe upungue. Nyamizi, ambaye hakuwa na unafiki, alimwambia wazi kwamba hajawahi kuwa na mgonjwa mbaya kama yeye. Madam Minza alisahihisha kila kitu. Akiwa na dripu mkononi alimsimamisha Gloria afumue kona za shuka na kuzikunja upya. Alimwambia daktari asogee, anamzibia mwanga.

Siku ya pili asubuhi dada yake alimletea jagi la uji wa ulezi, na chai juu yake, naye akanywa vyote kwa sababu ya upweke. Mchana haja ndogo ikaanza kubisha hodi. Alijiambia atasubiri kidogo, Gloria yupo. Kufikia saa tisa haikuwa inabisha tena, ilikuwa inasukuma mlango.

"Dastan," aliita, kwa sauti ndogo ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuisikia. "Gloria yuko wapi?"

"Ameenda kuchukua dawa, Madam. Kuna foleni."

"Na Nyamizi?"

"Wamemwita wodi ya wazazi. Kuna mapacha."

"Na mtu mwingine yeyote mwenye sketi?"

Dastan akafikiri. "Kuna mama wa usafi, Madam. Lakini ameenda kula."

Madam Minza akatazama dari. Kwao Lalago, kama kwa kina Dastan Mwandoya, kijana haingii hata chumba anacholala mama wa rika la mama yake, sembuse kuinua shuka lake. Miaka yote aliwaambia wanafunzi kwamba kazi haina aibu, mwili ni mwili. Alisema akiwa amesimama, amevaa, na kibofu chake kikiwa kitupu.

"Madam," alisema Dastan, "unataka bedpani."

"Nani kasema?"

"Unabana miguu. Na mmoja haufai kubanwa."

Hakungoja ruhusa zaidi ya pale. Alivuta skrini, akaenda kuosha mikono, akarudi na bedpani aliyoimwagia maji ya moto na kuifuta ikauka, maana chuma baridi kingemrusha mtu dirishani. Kisha akaweka mkono begani kwa mwalimu wake.

"Mwadila, mayu."

Hakumwita Madam. Alimsalimu kwa Kisukuma na kumwita mama, kama angemsalimu mtu yeyote wa kwao mchana huo. Naye Minza akajikuta anamjibu kama mwanawe, "Mwadila, ng'wanawane."

"Lalago mvua imenyesha?"

"Imenyesha kidogo. Kunja huu mguu mzima, au nikunje mwenyewe?"

"Kunja wewe. Kanyagia kisigino, inua kiuno. Mimi nashika mgongo. Pamba wamepanda?"

"Wamepanda mapema mno, wajinga wale. Aah! Mguu!"

"Pole, mayu. Tayari. Shusha taratibu."

Shuka halikupanda hata kidogo. Chombo kilipita chini yake kama kadi ya mwaliko chini ya mlango. Dastan akampa kengele ya kuitia, akageuka, akasimama nje ya skrini.

Na mkojo ukagoma.

Uliokuwa ukivunja mlango sasa ulikaa ndani na kufunga kwa komeo. Madam Minza alikaza, akalegeza, akavuta pumzi. Wodi nzima ilikuwa kimya; alisikia wagonjwa wanavyosikiliza. Machozi yakamtoka. Hakuyategemea wala hakuyahitaji; maji yalikuwa yanatokea upande usiofaa.

Kisha akasikia viatu vya Dastan vikienda kwenye sinki la kona, na bomba likafunguliwa. Maji yakatiririka ndani ya beseni, taratibu, kwa muda mrefu. Ikatosha. Mkojo ukaja kama mvua ya kwanza juu ya bati, na haukukatika.

"Asante Yesu!" ilisema sauti kutoka kitanda cha jirani. Ilikuwa ya mama Salu, mkulima wa mpunga aliyefanyiwa upasuaji. "Pole, mwalimu. Tulikuwa tunakuombea hapa."

Wodi ikapasuka kwa kicheko. Madam Minza naye alicheka, bado analia, mpaka Dastan akaogopa bedpani itamwagika, akamsihi atulie.

Dastan alipokwisha kuondoa chombo, kumsafisha mikono na kumtandikia, Madam Minza alimkazia macho.

"Uliona nini?"

"Niliona ukuta, Madam. Unahitaji rangi."

"Na hilo la bomba, nani kakufundisha? Mimi sikukufundisha."

Dastan akaona haya. "Nyumbani ng'ombe wakigoma kunywa maji tunawapigia mluzi. Nikafikiri wewe nisikupigie mluzi."

Madam Minza alirudi chuoni akitembea kwa magongo, na jambo la kwanza alilofanya ni kumfungia Bwana Kimya stoo. Akatangaza kwamba kuanzia sasa, kabla ya kumgusa mgonjwa, kila mwanafunzi atalala kitandani yeye. Atageuzwa na wenzake. Atalishwa uji na mtu anayewaza mambo mengine. Atawekwa juu ya bedpani, na nguo zake zote mwilini, huku darasa zima likipiga soga nje ya skrini, na atakaa hapo mpaka ajue urefu wa dakika moja.

Mwalimu Constantine alikuja mbio. "Wazazi watasema nini, Madam?"

"Wazazi nao watalala siku moja. Na wewe pia. Karibu ujaribu."

Alisema kwa kuchokoza tu, lakini wanafunzi walikuwa wamesikia, na mkuu hakuona njia ya kukataa bila kuonekana anaogopa chombo. Akavua viatu, akalala na suti yake. Gloria akamwinua kiuno, akamsukumia bedpani, akamfunika, akamwachia kengele. Wakaanza kuongelea mpira nje ya skrini. Simu ya mkuu ikalia. Alikuwa mke wake.

"Niko kazini," wakamsikia akisema. Kisha: "Nimelala. Hapana... ni kazi. Nitakueleza."

Mambo ya wazazi hayakutajwa tena.

Gloria, ambaye zamu yake ya kulishwa ilimwangukia Dastan, alipaliwa na uji mpaka ukamtokea puani. Alimtukana kwa Kisukuma safi, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kulisha wagonjwa polepole kuliko wote. Sindano bado anaiogopa. Ila anachoma macho wazi.

Dastan alifaulu, si kwa alama za kutangaza, akapata kazi katika zahanati moja Meatu. Miezi michache baadaye baba yake, mzee Luhende, alifika chuoni Bariadi na jogoo kwapani, akamkabidhi Madam Minza kwa shukrani. Akakataa kiti. Akakataa tena.

"Baba, mbona hukai?"

Mzee akatazama mlango. "Kuna jipu," alisema kwa shida.

"Wapi?"

"Pale unapokalia."

"Na mwanao ni muuguzi hapo hapo kwenu!"

"Wewe mayu!" Mzee alishtuka kweli. "Nimwonyeshe mwanangu makalio?"

Madam Minza alimfunga jogoo kwenye mguu wa meza, akamkokota mzee Luhende hadi hospitali, chumba cha kufungia vidonda, ambako wanafunzi wapya wa mwaka wa kwanza walikuwa wakijibanza ukutani. Akamchagua aliyejificha nyuma kabisa.

"Elizabeth, njoo. Baba, lala kifudifudi. Huyu binti hajawahi kuona jipu, na wewe hujawahi kuonwa. Mko sawa."

Mzee akalala, akilaani kwa Kisukuma. Elizabeth akavaa glovu, ya kulia mkono wa kushoto, akazivua, akaosha mikono, akaanza upya.