Kikombe cha Kumi na Moja

Mpaka leo nikisikia kunde zikimwagika kutoka kwenye ungo, ule mlio mkavu kama mvua ya ghafla juu ya makuti, natamani kuziba masikio. Watoto wangu wanadhani sipendi kunde tu. Wewe nitakuambia ukweli.

Dada yangu Mwanahawa alikuwa msichana wa kwanza kutoka kijiji chetu, huko Vihingo, kwenda sekondari. Alisoma shule ya bweni upande wa Kibaha. Ilikuwa miaka ile ya vijiji vya ujamaa, na nyumbani tulikuwa watu kumi na mmoja yeye akiwapo. Mama alisonga ugali wa muhogo kwa kipimo, kila mtu kikombe kimoja cha bati cha unga. Dada akiwa shuleni alipima vikombe kumi. Likizo ikifika alipima na cha kumi na moja, tena alikigonga kwenye ukingo wa sufuria ili sote tusikie.

Likizo moja, mimi nikiwa na miaka tisa, dada alichukua ungo wa bibi akanifundisha sodiamu. Katikati alirundika kunde kumi na moja, ndizo protoni, na mbaazi kumi na mbili, ndizo nyutroni. "Hizi hazina upande," alisema, "kama baba siku mama na bibi wakigombana." Kuzunguka akapanga punje za mtama, ndizo elektroni: mbili, kisha nane, kisha moja peke yake karibu na ukingo.

"Hii ya pembeni sodiamu humpa klorini," akasema akiiokota. "Wakishikana ndiyo chumvi hiyo unayoilamba kwa wizi. Sasa sodiamu ina protoni kumi na moja, elektroni kumi. Imekuwa ioni chanya."

"Chanya si alama ya kujumlisha, dada?"

"Ndiyo."

"Imepoteza, halafu imejumlisha?"

Bibi, aliyekuwa akimenya muhogo kando yetu, akadakia: "Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Hiyo sodiamu yenu ina moyo." Dada alicheka mpaka mtama ukaruka.

Haikupita wiki, homa ikamshika. Baba na majirani walimbeba kwa machela kuelekea hospitali. Walirudi naye kabla ya adhuhuri, wamemfunika gubigubi.

Siku ya tatu ya matanga, mama alikuwa bado hajatia kitu mdomoni. Sikuvumilia. Nilileta ungo mkekani, nikapanga punje kama nilivyofundishwa, wanawake wote wakinitazama, kisha nikaiokota ile punje ya pembeni.

"Mama, usilie. Tumepoteza mmoja, lakini sasa tumekuwa chanya."

"Nani kakufundisha maneno hayo?"

"Dada."

Akaupindua ungo kwa mkono mmoja. Mlio ule ndio ninaousikia mpaka leo. Kisha akapiga magoti akaziokota moja moja, akinisukuma kila nilipotaka kumsaidia.

Likizo iliyofuata, mama alipima vikombe kumi, akasita, akaongeza kimoja. Hakukigonga. Ugali ulibaki na hakuna aliyethubutu kuugusa. Ikawa hivyo kila likizo ya shule. Mara moja, Mungu anisamehe, nilimkosoa: "Mama, siku hizi tuko kumi." Akakimimina cha kumi na moja sufuriani.

Miaka baadaye, nami nikiwa sekondari, mwalimu alichora sodiamu ubaoni. Akafuta elektroni ya pembeni, akaandika alama ya kujumlisha. "Kiini hakijabadilika," akasema. "Protoni ni kumi na moja vilevile, na zinavuta vilevile."

Niliinamia dawati nikalia. Mwalimu aliponiuliza nikasingizia tumbo. Kumbe chanya si faida hata kidogo. Ni kule kuendelea kuvuta kwa nguvu ya kumi na mmoja, na wa kumi na moja hayupo.

Mama hakuwa amekosea hesabu. Lakini wakati huo tulikwisha kumzika kando ya dada, na wa kumwambia sikuwa naye.