Chupa Niliyoiweka Chini ya Meza

Jumamosi akina mama wa mtaa wetu hapa Likasi walikuja kusali kwangu, na watoto wao wakacheza uani. Baada ya sala nikasimama kuwafundisha hatari za nyumbani. Hakuna aliyenituma. Nilianza na mbabula, jiko la makaa, ya jirani yangu Mama Kapinga, anayoiacha mlangoni na makaa yake ya moto.

"Mbabula, mutoto anaiona, iko nyekundu," alijibu kwa upole. "Soda yako ya kupika sabuni, je?"

"Soda yangu iko mahali pake," nikasema kwa sauti ya padri.

Hapo hapo mwanangu Kalenga, wa miaka miwili, akatoka jikoni akinywa kwenye chupa ya maji. Asubuhi ile nilikuwa nimemimina soda ya sabuni iliyobaki, ile kali inayounguza koo na tumbo, katika chupa kama hiyo, nikaisukuma chini ya meza.

Nilimbeba na chupa yake nikakimbia hadi zahanati, nikilia kwamba mtoto anakufa, akina mama wote nyuma yangu. Muuguzi alimtazama mdomo na ulimi, akanusa chupa.

"Mutoto hana kitu, Mama. Hii ni mayi tu. Weye ulizani iko nini?"

"Soda ya sabuni," nikasema. Mama Kapinga ndiye aliyeuliza, polepole:

"Sasa ile ya soda iko wapi?"

Ilikuwa bado chini ya meza, na watoto wao wote tulikuwa tumewaacha kwangu.