Nilisema Sina Mimba Mbele ya Moto wa Vyungu

Mwenye ukurasa, nakuomba jina langu ulifunike. Dodoma itaje tu, wake za watu wa reli hapa ni wengi, hakuna atakayejua ni yupi.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na sita, Mrangi, mume wangu ni fundi wa reli. Nimeolewa miaka saba na sina mtoto. Mimba tatu zimeharibika, zote kabla hazijaonekana. Ya kwanza niliitangaza kwa furaha, ya pili nikawaambia mawifi, ya tatu nikamwambia mama mkwe peke yake, na zote zikaenda. Mama yangu akanikalisha, akasema nikishika nyingine nifunge mdomo mpaka tumbo lijitangaze lenyewe. Sasa ninayo ya nne. Nilidhani tunajua wawili tu, mimi na mume wangu.

Mwanzoni mwa kiangazi yalifunguliwa mafunzo ya ufinyanzi kwa akina mama wasiojua lolote, uani nyuma ya duka la Mhindi mmoja ambaye mkewe naye alitaka kujifunza. Mwalimu ni bibi wa Kigogo, mkali, hasemi jambo mara mbili. Nilikwenda kwa sababu kukaa nyumbani na mawazo kulikuwa kunanitia wazimu. Jamani, chungu changu cha kwanza kilivimba upande mmoja kama mtu mwenye jino bovu, mke wa Mhindi akacheka mpaka akakaa chini. Aliyenishika mkono akanionyesha ni mwenzangu ambaye nitamwita Hadija, wa kule Kolo. Hadija ni mjane, eda kaimaliza juzijuzi, ana watoto wawili. Shemeji zake walitaka arithiwe, akakataa, akasema atauza vyungu sokoni awalishe wanawe mwenyewe. Na kazi aliiweza, hata Bibi alikuwa anapita kwake bila kumkosoa, na Bibi kukosoa ndiyo salamu yake.

Bibi huyo ana mwiko wa kwao: mwenye mimba hasogelei moto wa vyungu. Kufinyanga hakukatazi. Siku ya kuchoma tu unakaa nyumbani na wenzio wanakuchomea. Jambo dogo, lakini ukikaa nyumbani siku hiyo umeshatangaza. Basi vyungu vikapangwa, vikafunikwa kuni na mavi makavu ya ng'ombe, na Bibi akatuuliza mmoja mmoja. Zamu yangu ilipofika nikamtazama usoni.

"Sina, Bibi," nikasema.

Moto ukawashwa. Hata haujakolea, tukasikia paa, paa, kama bisi kikaangoni. Tulipofukua majivu karibu vyungu vyote vilikuwa vimepasuka, na vya Hadija hakikupona hata kimoja. Bibi hakugomba. Alisema yupo kati yetu aliyemdanganya, akafunga mafunzo.

Wanawake tunajuana kwa kupiga hesabu za wenzetu. Wengine wote tuna waume, nani basi ana sababu ya kuficha mimba kama si mjane? Kufika jioni mtaa mzima unasema Hadija ana mimba ya nje. Nami nilikuwa pale kisimani maneno yalipoanza, nikajifanya nafunga kamba ya ndoo. Kesho yake nilijaribu, wallahi nilijaribu, nikaenda kwa Bibi nikamwambia labda udongo haukukauka vizuri. Akaniuliza kama nimekuja kumfundisha moto. Nikarudi nyumbani. Mpaka leo sijui ni udongo au ni mimi. Maneno yamefika Kolo, na shemeji zake wametuma ujumbe kwamba mwezi ukiandama wanakuja kuchukua watoto, damu ya ndugu yao hailelewi na malaya.

Nilimwambia mume wangu nataka kusema kweli. Akaacha kula.

"Mimba tatu zimekwenda," akasema. "Hii ya nne ukaitie midomoni mwa watu kwa ajili ya vyungu?"

Nikakubali upesi, hilo ndilo linaloniumiza, nilikubali upesi mno. Nikajipoza kwamba miezi itapita, tumbo la Hadija halitakua, watu wataona haya wenyewe. Lakini watoto watakuwa wameshakwenda Kolo, na ni nani atakayewarudisha?

Juzi Hadija akaja kwangu. Nilidhani amekuja kulia. Kumbe alikaa jikoni akanisaidia kuchambua mlenda, tukazungumza mambo ya bei ya chumvi. Alipoaga akaacha kifurushi juu ya kinu. Nikafungua. Ulikuwa udongo wa kula, ule wa kuchomwa wanaouza sokoni, wanaoutafuna wenye mimba. Nikamfuata mpaka mlangoni.

"Nilikuwa nakuona unamega udongo wa Bibi unatia mdomoni," akasema. "Ule mbichi ni mchafu, utakuumiza. Kula huu."

Alikuwa anajua tangu siku ya moto. Wanamtukana, wanamtemea mate, naye anajua. Nikamuuliza kwa nini hajanitaja. Alijifunga ushungi wake vizuri, akanijibu kwa upole kabisa, na heri angenipiga.

"Mimi ninao wawili, mwenzangu. Wewe huna hata mmoja."

Mwezi ukiandama, naye atakuwa hana. Mama zangu, dada zangu, mliozaa na msiojaliwa, semeni nami. Niende kwa Bibi nikatamke, na hiki kiumbe kikinitoka je? Au ninyamaze nizae, kisha nimtazame Hadija kwa macho gani? Mnitukane mkitaka, ila nijibuni mapema. Alfajiri nautazama mwezi, umebaki ukucha tu, na udongo alioniletea nimeumaliza wote.