Ndege ya Jumamosi

Niliishia darasa la saba, kwa hivyo huenda sikuelewa vizuri. Lakini miaka ile ya tisini nilikuwa mpimaji samaki wa wakala wa ndege pale Homa Bay, na mambo haya niliyaona.

Ndege ilikuwa itoke uwanja mdogo wa ng'ambo ya ghuba, ipeleke mbuta wetu, yaani sangara, moja kwa moja hadi Ulaya. Dada yangu, mchuuzi wa Muhuru Bay, akamwacha dereva wa lori la Nairobi aliyekuwa akimbebea siku zote. Samaki wake wote sasa ni wa ndege.

Ndege ikapangwa Jumamosi. Jumamosi! Nusu ya wachuuzi wetu ni Wasabato, dada yangu akiwemo. Jua la Ijumaa likishazama, samaki hagusi. Na samaki wa Ijumaa mchana wakala hawataki, anasema watafika wamelala.

"Bwana wakala, si usogeze ndege Jumapili?" dada akamwuliza.

"Mama, ndege si punda wangu. Kule soko ni Jumatatu asubuhi. Sogezeni Sabato."

"Mwambie rubani aje kanisani na ndege yake. Si ina viti tele?"

Tulicheka, lakini ilikuwa kweli. Sitaki kumwonea wakala. Soko halikuwa lake. Wala dada, Sabato haikuwa yake kuisogeza. Ndege ilikuja tupu, maana nani huku aliagiza kitu kwa ndege? Ikaondoka nusu tupu. Wiki moja wachuuzi Wakatoliki wakajikaza wakaijaza, na rubani akakataa kuruka: uwanja ni mfupi, ikibeba samaki wote hao na mafuta ya kufika Ulaya haitapaa. Labda itiwe mafuta kidogo, ikatue Nairobi iongeze. Nairobi! Si ndiko lori lilikokuwa likienda miaka yote, bila makelele?

Haikupita muda, ndege ikakoma kuja. Wakala alitwambia mwenyewe, mchana, mbele ya watu. Kwa hilo namsifu.

Jumapili dada akarudi kwa dereva wa lori.

"Haa, nyar Muhuru, binti wa Muhuru! Umeshuka kutoka mawinguni?"

"Nimeshuka. Nifungulie."

"Nafasi yako nilishampa mwingine. Kikibaki kipembe, utapakia."

Dada akaketi juu ya sanduku lake la barafu, maji yakitiririka chini. Nami, mpimaji asiye na cha kupima, nikamshikia mwavuli, tukawatazama wenzake wakipakia.